Namba ya kipande cha muchanga haiko namba ya parsele yote

Huku Lubumbashi nasikiaka batu benye kuchimba foraji banasema: tulipima muchanga ku laboratuari, mayi inapita polepole, choo ya jirani iko mbali, uchafu yake haitafika mu foraji, hakuna shida. Hapana bandugu! Ile namba ya mbio ya mayi ni ya kipande cha sentimeta kidogo tu.

Mu udongo muchanga haifanane, kuko tabaka laini na kuko ya changarawe, na mayi inapita mbio mu ile ya changarawe, sasa kama kipimo yako ilikamata paka tabaka laini utafikiri yote iko vile. Pompa foraji siku muzima, uangalie mayi inashuka namna gani mu foraji ingine ya pembeni, pale unapima makumi ya meta, na mara mingi namba inapanda.

Hata muchanga yenye kuonekana sawasawa inadanganya. Kule Borden, Kanada, mu 1982 bachunguzi balitia chumvi mu mayi ya chini ya udongo bakaifuata: ilitawanyika sana kupita vile kipande cha laboratuari kinaonyeshaka, na kadiri inaenda mbali ndio inazidi. Uchafu wa choo nao unatembea vile vile, kwa hiyo mbele ya kukubali foraji muombe kipimo ya kupompa, tena bapime muchanga wa kina mbalimbali.