Je, wajua kwa nini uwanja wa mbio unaitwa tartan na hauna hata drafti moja?

Yakianza tu mashindano ya riadha ya dunia, hapa Lamu watu wanajaa mbele ya tivii, madukani, mahotelini, hata kwenye baraza za watu, na mtangazaji hamalizi dakika kumi hajataja tartan. Mara tartan imelowa, mara tartan ya leo ina kasi, mara fulani amezoea vumbi hajazoea tartan. Na vijana wetu wanaokimbia kwenye mchanga nao wimbo wao ni huo huo, tupeni tartan muone. Sasa nenda kwa fundi cherehani umuulize tartan ni nini, atakuambia bila kufikiria ni kitambaa, kile cha drafti drafti cha Waskoti, ambacho wanaume wao wanavaa kama sketi. Na uwanja wa mbio ni mwekundu mtupu, una mistari myeupe ya kugawa njia basi, drafti hakuna. Kwa hiyo hili jina lilitokaje kwenye nguo mpaka likaenda kukanyagwa na viatu vya misumari?

Jibu la haraka ni kwamba ni jina la biashara. Kampuni ya Marekani inaitwa 3M ilitengeneza sakafu ya kukimbilia, ikaiita Tartan, na jina likashika mpaka leo. Lakini jibu hilo halishibishi, manake swali linabaki pale pale, kampuni ya Marekani na kitambaa cha Uskoti wapi na wapi?

Kitambaa chenyewe kwanza, kwa sababu wengi tunakiona kila siku na hatujawahi kukiangalia. Kwenye mtumba hapakosekani skafu ya sufu ya drafti, ichukue uisogeze karibu na dirisha. Utaona vijistari vyembamba vimelala mshazari kote kote. Hivyo havikuchorwa, vimetokana na ufumaji. Kwenye vikoi vyetu vingi uzi wa mshindio, ule unaopitishwa kwa upana, unapita juu ya uzi mmoja wa mtande, zile nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na chini ya mmoja, lakini kwenye tartan unapita juu ya nyuzi mbili halafu chini ya mbili, na kila safu mpya inasogea uzi mmoja pembeni, basi huko kusogea ndiko kunaleta ule mshazari. Halafu hesabu rangi. Mfumi labda ametumia tatu tu, nyekundu, kijani na nyeusi, lakini wewe utazihesabu sita, kwa sababu nyekundu ikikutana na nyekundu inatoka nyekundu kamili ila ikikatana na kijani zinachanganyika nusu kwa nusu na jicho linaona rangi nyingine kabisa. Rangi mbili zinakupa tatu, rangi nne zinakupa 10, rangi sita zinakupa 21. Mimi hii hesabu naipenda sana, yaani mtu ananunua rangi chache na kitambaa kinamzalishia zingine bure.

Na mraba unatokea kwa sababu mpangilio wa rangi kwenye mtande ndio huo huo unaorudiwa kwenye mshindio, upana kwa upana. Kikoi rangi zake zinalala upande mmoja ndiyo maana kinatoka na milia. Na tusije tukadhani akili hizi za nyuzi ni za Ulaya peke yake, Pate hapo ng'ambo walikuwepo wafumaji wa hariri ambao vitambaa vyao Wareno waliviandika kwa kuvisifu, ni ufundi uliopotea na unaniuma kila nikiukumbuka.

Kipande cha tartan cha zamani kuliko vyote vilivyopatikana Uskoti kilitoka kwenye kinamasi, sehemu inaitwa Glen Affric, miaka ya 1980, na vipimo vinaonyesha kilifumwa kati ya mwaka 1500 na 1600. Watu wengi wanaamini kila ukoo wa huko ulikuwa na drafti yake tangu enzi na enzi, lakini sehemu kubwa ya mambo hayo ya ukoo huu rangi hizi ukoo ule rangi zile yalipangwa karne ya 19, hasa baada ya mfalme George wa Nne kutembelea Edinburgh mwaka 1822 na watu wote wakubwa wakataka waonekane wamevaa. Kabla ya hapo kitambaa hiki kilikuwa kimeshapigwa marufuku. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kushindwa vita vya Culloden, bunge la London lilipitisha sheria kwamba mwanamume wala mvulana wa huko asivae mavazi ya kienyeji, tartan ikiwemo, isipokuwa wanajeshi wa serikali. Ukikamatwa mara ya kwanza ni miezi sita jela, mara ya pili unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Miaka saba kwa ajili ya nguo! Sheria ilifutwa 1782, na nadhani huko kukatazwa ndiko kulikokifanya kitambaa kiwe alama ya taifa zima, mtu akikatazwa vazi lake hulipenda mara mbili. (Wamarekani wao drafti za namna hii wanaziita plaid, neno ambalo Uskoti ni lile shuka lenyewe la kujitanda begani, kwa hiyo Mskoti na Mmarekani wanaweza kubishana dukani na wote wako sawa.)

Haya, Marekani sasa. Mwaka 1925 fundi mmoja kijana wa 3M, Richard Drew, alitengeneza teipu ya karatasi ya kuwasaidia wapaka rangi wa magari, unaibandika pale ambapo hutaki rangi ifike. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba teipu za majaribio zilipakwa gundi pembeni tu, katikati hakuna, ikawa inabanduka, na mpakaji rangi mmoja akachukia akasema rudisheni kitu hiki kwa bosi wenu Mskoti, kwa maana ya bahili, kwa vile Wamarekani wa wakati ule walikuwa na tabia ya kuwasema Waskoti kwa ubahili. Ni tusi kwa kweli, na halikuwa la haki. Lakini kampuni ikaligeuza likawa jina la biashara, Scotch, na baadaye maboksi ya teipu yakaanza kuvalishwa drafti za kiskoti. Kwa hiyo kufikia wakati huo, 3M na tartan walikuwa wameshaoana.

Mkubwa wa kampuni hiyo kwa miaka mingi alikuwa William McKnight, na huyu bwana alikuwa anapenda farasi wa mashindano kupita kiasi, mpaka shamba lake la farasi kule Florida liliitwa Tartan. Sasa mpenda farasi mwenye kampuni ya gundi na plastiki unadhani atafikiria nini? Alitaka sakafu ambayo mvua ikinyesha haiwi tope na jua likiwaka haiwi jiwe. Mwaka 1963 wakaitandika kwenye uwanja wa farasi unaoitwa The Meadows, Pennsylvania, na jina wakaipa lile lile. Yaani hii tartan tunayoililia ilitengenezwa kwa ajili ya kwato kwanza, binadamu akaja baadaye. Sisi wa mji wa punda hilo halitutatizi, tunajua mnyama akikimbia mahali pagumu miguu inavyomuadhibu.

Kutoka kwa farasi ikahamia kwa watu, na hapa ndipo habari inatuhusu Wakenya moja kwa moja. Kabla yake wanariadha walikuwa wanakimbia kwenye uwanja wa mabaki ya makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa, mvua ikinyesha njia za ndani zinachimbika na aliye njia ya ndani anaumia. Medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki, shaba ya Wilson Kiprugut ya mita 800, Tokyo 1964, ilipatikana kwenye uwanja wa aina hiyo. Miaka minne baadaye Olimpiki ikaenda Mexico City, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki mbio zikakimbiwa juu ya sakafu ya plastiki, nayo ilikuwa Tartan ya 3M. Ni nani walioshinda juu yake? Naftali Temu mita 10,000, dhahabu ya kwanza kabisa ya nchi yetu. Amos Biwott, kuruka viunzi na maji. Kipchoge Keino, mita 1,500, akamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma. Dhahabu ya Kenya na uwanja wa tartan vimeingia Olimpiki siku zile zile, ndiyo maana mimi sishangai neno hili limekaa kwenye vinywa vya Wakenya namna hii. Wajerumani pia wanaliita hivyo hivyo.

Siku hizi viwanja vingi vimetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, lakini nani anajali, mbona tunatuma mtoto dukani akalete Colgate na anarudi na dawa ya meno ya jina lingine na hakuna anayemrudisha. Kitu chenyewe ni plastiki ya jamii ya poliurethani iliyochanganywa na chembe za mpira, unene wake sentimita moja na ushei, inarudisha mguu juu kidogo kila ukiukanyaga, na haijali mvua ya masika. Wekundu wake ni rangi tu iliyotiwa, kuna ya buluu pia, uwanja wa Berlin aliokimbilia Usain Bolt 2009 akaweka rekodi ya sekunde 9.58 ulikuwa wa buluu.

Tartan ya kitambaa nayo imefika mbali zaidi ya uwanja wowote, mwanaanga Alan Bean wa chombo cha Apollo 12 alienda nayo mwezini mwaka 1969 kwa sababu ya asili yake ya kiskoti. Na kwa mabaharia wa huku wanaopenda kusoma habari za bahari za zamani, mkikuta imeandikwa tartan imeingia bandari ya Marseille na shehena, hapo msitafute nguo wala uwanja. Kuna chombo cha bahari ya Mediterania chenye jina hilo hilo, mlingoti mmoja na tanga kubwa la pembe tatu, ukikiona kwenye picha utasema ni cha kwetu, na hakina uhusiano wowote na drafti.