Kwa nini gundi ya reli za mfano huoza ikishazimuliwa?

Wapenzi wa reli za mfano, hasa Ulaya na Marekani, hujenga nchi nzima juu ya meza: vilima, vijiji, madaraja, na treni ndogo zinazokatiza katikati. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, ndicho kinachotawala pia katika Miniatur Wunderland, maonyesho yaliyofunguliwa Hamburg mwaka 2001. Kokoto zinazomwagwa kati ya mataruma hushikwa na gundi nyeupe, ileile ya seremala. Huzimuliwa kwa maji, ikatiwa tone la sabuni ya vyombo ili ipenye, kisha ikadondoshwa taratibu kwa bomba la sindano.

Inayobaki huwekwa kabatini. Wiki kadhaa baadaye chupa hufunguliwa na chumba kizima kinanuka.

Wengi husema gundi imepitwa na muda. Lakini chunguza chupa mama, ile iliyochotwa gundi ya kuzimua. Ina umri uleule, imekaa kabati lilelile, kwenye joto lilelile, na bado ni nzima. Muda peke yake hauwezi kuwa mkosaji. Wengine hushikilia kwamba gundi hii ni plastiki, na kwa kuwa plastiki haiozi, harufu ile ni kemikali tu inayovunjika. Hapo pana ukweli kiasi: polivinili asetati, plastiki iliyomo, huweza kuachia asidi ya siki polepole, kwa hiyo harufu nyepesi ya siki haina ubaya. Siki, hata hivyo, haioti utando wa ukungu, wala hainuki kama yai viza. Hiyo ni kazi ya viumbe hai, yaani kuvu na bakteria.

Viumbe hao hawana haja ya kuitafuna plastiki yenyewe. Gundi nyeupe ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini, na kinachozizuia zisigandamane mara nyingi ni polivinili alkoholi, ambayo baadhi ya bakteria huimudu. Gundi nyingine zina wanga au selulosi ya kuzipa uzito. Hata ile sabuni ya vyombo ni chakula, maana sabuni za siku hizi hutengenezwa makusudi ili bakteria waweze kuzivunja.

Basi kwa nini chupa mama haiozi? Kwa sababu kiwandani imetiwa kihifadhi, kwa kiasi kidogo kinachopimwa kwa sehemu katika milioni. Mfikirie papa wa chumvi wa sokoni Pwani. Hukaa muda mrefu bila friji, kwa kuwa chumvi ni nyingi kiasi kwamba vijidudu hawawezi kuzaliana. Mpishi akimroweka usiku kucha, akamwaga maji na kumroweka tena, samaki ni yuleyule na chumvi bado unaionja, ila sasa hana budi kupikwa leo. Chumvi imeshuka chini ya kiwango kinachozuia uozo, na chini ya hapo ulinzi haupungui kidogo kidogo, huporomoka. Gundi ni hivyo hivyo. Sehemu moja ya gundi kwa tatu za maji ina robo tu ya kihifadhi, huku maji ya bomba, brashi na udongo halisi uliochekechwa kwa ajili ya mandhari vikiingiza wageni wapya.

Maji yaliyokenekwa husaidia mwanzoni, lakini nayo huja bila kihifadhi. Matone machache ya spiriti hayatoshi. Inabidi spiriti ikaribie sehemu ya tano ya mchanganyiko ndipo vijidudu wabanwe, na ikimiminwa kwa pupa huweza kuigandisha gundi, kwa hiyo ijaribu kwanza katika kikombe. Boraksi, unga mweupe wa madini, huzuia kuvu vizuri, lakini ikikutana na polivinili alkoholi huifungamanisha minyororo ya molekuli zake, na chupa nzima hugeuka ute unaovutika, uleule watoto wanaouchezea. Jiki isikaribie kabisa gundi za mpira, ambazo huhifadhiwa kwa amonia: viwili hivyo hutoa gesi ya sumu.

Njia ninayoiamini ni kuihifadhi gundi ikiwa nzito, kuzimua ya kazi ya leo tu katika chombo safi, na kutorudisha masalia katika chupa mama.

Katika nchi za baridi kuna hatari nyingine, kwa kuwa wengi huweka vifaa kwenye gereji. Gundi ikiganda, barafu huzisukuma chembe za plastiki hadi zikagusana. Ikiyeyuka na kukorogeka laini, itumie. Ikibaki na mabonge, hakuna maji yatakayoirudisha, kwani chembe zimeshaungana vilevile zinavyoungana gundi inapokauka.