Friji lako linakula uniti ngapi kwa siku? Pima mwenyewe usiku mmoja kwa mita yako ya LUKU

Kila ikifika mwezi wa kumi hapa Dodoma, jua likishakuwa kali na mvua bado, simu za watu wanaolia na LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinakuwa nyingi kitengoni kwetu. Mimi nafundisha ufundi wa friji na viyoyozi chuoni na swali ni lile lile, mwalimu mbona mwezi wa sita naweka elfu ishirini inanifikisha mwisho wa mwezi na sahivi tarehe kumi na nane uniti zimekata, taa ni zile zile, TV ni ile ile. Wengi wanakuwa washaishuku mita. Mimi huwa nauliza kwanza friji limekaa wapi na huko nyuma yake pakoje.

Friji halitengenezi baridi jamani. Kazi yake ni kubeba joto lililoko ndani na kulimwaga nje kupitia yale mabomba membamba meusi ya nyuma, au pembeni kwa haya ya kisasa, na kinachosukuma ni ile kompresa unayoisikia ikiunguruma halafu inanyamaza. Mwezi wa saba usiku Dodoma pana baridi ya kuvaa sweta, kompresa inaunguruma kidogo inapumzika. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mchana nyuzi 31 au 32, na ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari ni zaidi ya hapo, sasa lile joto halina pa kwenda na kompresa inakaa kwenye kazi muda mrefu. Ndo maana ukiona nyuma pameandikwa wati 120 usizidishe na masaa 24. Uniti moja ni kWh moja, yaani wati 1000 kwa saa nzima, kwa hiyo likifanya kazi masaa 8 kwa siku ni uniti moja kasoro kidogo, likifanya masaa 18 zinapita mbili, na friji ni lile lile.

Kipimo unacho ukutani tayari. Usiku ukienda kulala zima kila kitu, taa zote, dikoda, chaja, liache friji peke yake, soma uniti zilizobaki kwenye mita uandike na saa. Asubuhi kabla hujawasha hata taa ya chooni soma tena. Tuseme saa tatu usiku ilikuwa 41.3 na saa kumi na mbili asubuhi ni 40.7, hapo limekula 0.6 kwa masaa tisa, kwa siku nzima ni kama 1.6, na mchana ongeza kidogo maana kuna joto na watoto wanafungua kila dakika. Ukifanya siku mbili tatu unapata jibu zuri.

Sasa hela. Kwa bei tuliyoizoea ya shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1 inakuja kama 356, ndo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi kabla kodi ya jengo haijakatwa. Friji la uniti 0.8 kwa siku ni uniti 24 kwa mwezi, kama elfu nane na mia tano. Friji la uniti mbili kwa siku ni uniti 60, zaidi ya elfu ishirini na moja. Na kama uko kwenye bei ya matumizi madogo, ile ya shilingi 100 kwa uniti mwisho uniti 75 kwa mwezi, hapa niwaombe muwe makini sana, friji kama hilo limeshachukua 60 peke yake, zimebaki 15 za taa, pasi na TV, ukivuka 75 kila uniti ya ziada ni 350 bado kodi.

Kuna mama mmoja Nkuhungu anagandisha ubuyu na kuuza, aliniita akitaka kubadilisha kompresa kwa sababu friji halinyamazi. Nikalivuta kutoka ukutani, lilikuwa limebanwa kabisa, na yale mabomba huwezi kuyaona, vumbi jekundu limeshikana na mafuta ya jikoni limekuwa kama blanketi. Tulichomoa kwenye umeme tukapiga brashi ya rangi kavu taratibu, tukaliacha nafasi ya kiganja nyuma, tukalihamisha kutoka dirisha la magharibi. Baada ya siku mbili akanipigia, mwalimu linanyamaza sasa. Kompresa ilikuwa nzima. Kwa vumbi la huku kwetu pasafishe kila baada ya miezi mitatu.

Na biashara ya barafu ipigieni hesabu kweli. Kugandisha lita tano kunataka karibu nusu uniti, kwa hiyo lita ishirini ni kama uniti mbili, shilingi 700 hivi za umeme, iingie kwenye bei ya pakti. Juisi ikiwa ya moto iache ipoe kwanza kwenye beseni la maji.

Mpira wa mlango pima kwa noti ya elfu moja, fungia mlango juu yake uivute, ikitoka bila ubishi baridi inavuja hapo. Kile kitufe cha namba cha kupangia baridi, namba kubwa ni baridi zaidi, sio joto zaidi kama wengi wanavyodhani, saba haina kazi labda unagandisha. Barafu ikijaa kwenye friza, lizime friji uache iyeyuke, tafadhali usichokoe na kisu, nimeona mengi yametobolewa gesi ikaisha. Kuzima usiku kunaokoa kidogo sana maana asubuhi linalipiza, na nyama na maziwa vinapita nyuzi 5 humo ndani, hapo unacheza na tumbo la watoto.

Kwenye friji la mtumba ndo naumia zaidi. Mtu anapunguziwa laki na nusu anafurahi, kumbe kati ya lile la uniti mbili na lile la 0.8 tofauti ni kama 12,800 kwa mwezi, mwaka haujaisha punguzo limeisha. Kabla hujalipa omba liwashwe nusu saa, gusa mabomba ya nyuma yawe na joto, sikiliza kama linaanza bila kugonga gonga, na ukikuta karatasi ya rangi yenye kWh kwa mwaka gawa kwa 365, ikiwa 300 ni kama 0.8 kwa siku lilipokuwa jipya. Muuzaji akikataa kuliwasha ondoka.