Je, Wajua Kwa Nini Waandishi wa Zama za Shakespeare Walikutana Baa?

Kwanza kabisa, walikwenda kufanya kazi. Katika London ya miaka ya 1590 tamthilia nyingi ziliandikwa na watu wawili, watatu, hata wanne. Kila mmoja alishika sehemu yake, kisha wakakaa pamoja kuwasomea waigizaji, ambao ndio wanunuzi. Philip Henslowe, mwenye jumba la maonyesho la Rose, alitunza daftari la hesabu ambalo lipo hadi leo. Mwaka 1598 aliandika humo kwamba amewakopesha waigizaji shilingi 5 za kutumia wakati wa kusomewa tamthilia mpya ya Michael Drayton, Thomas Dekker na Henry Chettle, kwenye baa ya Sun, mtaa wa New Fish Street. Mstari huo mmoja unanigusa kuliko hadithi zote za washairi na vicheko vyao. Hapo unawaona kabisa: karatasi ziko mezani, mmoja anasoma, wengine wametega sikio na vikombe mkononi, na mwenye fedha anaandika deni.

Baa iliyovuma zaidi ni Mermaid, yaani Nguva, ya Bread Street, na ilivuma hasa baada ya Malkia Elizabeth kufariki mwaka 1603. Msafiri Thomas Coryat, aliyekwenda kwa miguu kutoka Yerusalemu hadi Ajmer, India, aliwaandikia rafiki zake barua kutoka huko mwaka 1615. Aliielekeza kwa mabwana wanaokutana Mermaid kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mwishoni anaomba salamu zake zimfikie mshairi John Donne, zimfikie mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, zimfikie msanifu majengo Inigo Jones. Hakuwaona tena. Alifia Surat, India, mwaka 1617.

Na Shakespeare? Husimuliwa sana kwamba alikaa pale akitaniana na Jonson, lakini katika salamu za Coryat hayumo. Kinachomfunga na Mermaid ni hati ya nyumba. Mwaka 1613 aliponunua nyumba Blackfriars, mmoja wa watu aliowaweka kuwa wadhamini wake alikuwa William Johnson, mwenye baa hiyo. Jambo kama hilo humpi mtu uliyekutana naye jana.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: kuaminiana. London ilijaa wapelelezi wa serikali. Mwaka 1593 mwandishi wa tamthilia Christopher Marlowe alichomwa kisu akafa huko Deptford, na kati ya wanaume watatu waliokuwa naye chumbani alikuwemo Robert Poley, mpelelezi. Mwaka 1597 Jonson mwenyewe alitupwa gerezani kwa ajili ya tamthilia aliyoshirikiana na Thomas Nashe kuiandika. Neno moja la ulevi lingeweza kukufikisha kwa hakimu, kwa hiyo ulichagua sana wa kunywa naye.

Ndiyo maana napenda shairi la Jonson la kumwalika rafiki chakula cha jioni. Anataja nyama, jibini na matunda, kisha kikombe cha mvinyo wa Canary kutoka Mermaid. Halafu anaahidi kwamba Pooly, anayedhaniwa kuwa yule Poley mpelelezi, hatakuwepo. Wakiagana watakuwa na mioyo safi kama walivyokutana, na hakuna neno lililotamkwa mezani litakalowahuzunisha kesho yake asubuhi.