Sikukuu za msimu wa baridi: nyumba ikishafungwa, hewa ya ndani nani anaiangalia?

Kila ukikaribia msimu wa sikukuu za baridi watu wanatuuliza sana kuhusu barabara, theluji, kuteleza, na ni maswali ya maana kabisa, ila sisi tunaofanya kazi ya zimamoto na uokoaji tukikaa wenyewe tunaongelea zaidi nyumba iliyozibwa. Baridi ikikaza kila mtu anaziba. Madirisha yanafungwa, tambara linasukumwa chini ya mlango, mapazia mazito yanashushwa, alafu humo ndani wageni wamejaa, jiko linawaka kutwa, hita zimewashwa vyumba vyote, mishumaa iko mezani. Joto limebaki ndani, sawa, ila na hewa chafu nayo imebaki humo humo na watu.

Nianze na kaboni monoksaidi maana hii ndo inaua kimyakimya. Ni gesi inayotoka popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, iwe mkaa, kuni, gesi ya kupikia, petroli au mafuta ya taa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Kuna watu wanaamini mkaa ukishashika vizuri na moshi ukaisha basi jiko unaweza kuliingiza chumbani liwape joto, jamani hapana, mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hii gesi kwa wingi. Ukiivuta inaenda kwenye damu na kung'ang'ania ile sehemu inayobeba oksijeni, tena inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtu utamwona amelala, kifua kinapanda na kushuka, ukadhani yuko sawa, kumbe mwili unakosa oksijeni.

Dalili zake ndo zinazowaponza watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Sasa siku ya sikukuu nani atashtuka kwa kichwa kuuma? Mmoja atasema ni uchovu wa safari, mwingine atasema amekesha, mwingine mafua yanamnyemelea, kila mtu ana sababu yake na anaenda kulala nayo. Kwa hiyo jiulizeni hivi, mbona tunaumwa wengi kwa mpigo? Mbona hamna aliye na homa? Yule aliyetoka nje mara moja mbona alipata nafuu, na aliporudi kikaanza tena? Hata paka au mbwa wa hapo nyumbani akilegea bila sababu mchukulie kama onyo. Mkishapata wasiwasi huo msianze kugawana dawa za kichwa, tokeni wote nje, mkiwa nje ndo mpige simu ya dharura, na asirudi mtu ndani hata kwa dakika moja mpaka hewa ipimwe. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye matatizo ya moyo wanazidiwa haraka, hao semeni mapema mkipiga simu.

Umeme ukikatika kwenye dhoruba ya theluji jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lielekezwe mbali na milango na madirisha. Barazani ni karibu mno. Gereji hata ukiacha mlango wazi bado haifai, gesi inapenya mpaka vyumbani. Na ovena ya gesi kazi yake kupika, usiifungue mlango ili ipashe nyumba joto.

Gari nalo ni nyumba iliyofungwa. Ukikwama kwenye theluji mkiwa safarini, kabla hujawasha injini upate joto shuka uende nyuma uangalie bomba la ekzosi, maana theluji ikiliziba ule moshi unawarudia ndani. Ondoa theluji, ukiweza kwa koleo, kama huna tumia mikono yenye glavu. Washa injini kama dakika 10 kila saa, acha dirisha wazi kidogo upande usiopigwa na upepo, na usiache gari uanze kutembea kutafuta msaada kama huoni kabisa jengo la karibu, gari linaonekana kirahisi kuliko mtu. Kabla ya safari tangi lisiwe chini ya nusu, na mbebe mablanketi, maji, tochi na chaja ya simu. Pombe eti ya kuleta joto iacheni, inapeleka damu juu kwenye ngozi ndo maana unahisi moto, lakini joto la ndani unalipoteza. Mtu aliyekuwa anatetemeka akiacha kutetemeka na kuanza kuongea kwa kuburuza maneno, huyo amezidiwa, mwombeeni msaada haraka.

Turudi ndani. Hita ya umeme iwekwe mita 1 kutoka kwenye pazia, kitanda, sofa na nguo, ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na sio kwenye ekstensheni, na mkienda kulala izimwe. Kuna kitu kidogo nawaomba mfanye leo leo: hita ikishawaka kama nusu saa, izime, alafu gusa plagi yake. Ikiwa ya moto au imeanza kubadilika rangi, hiyo soketi ina shida, muite fundi umeme kabla wageni hawajafika.

Mti wa Krismasi kama ni mbichi umwagilie kila siku, maana ukikauka unawaka wote ndani ya sekunde chache, sijui niseme vipi mnielewe, hamna muda wa kukimbilia ndoo. Shika tawi ulivute taratibu kwa vidole, majani yakibaki mkononi mti umeshakauka, utoe nje. Taa zake zizimwe usiku. Mishumaa ikae sentimita 30 kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua, na anayetoka mwisho chumbani ndo azime. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, funika na zima jiko, usimwage maji kabisa.

Zawadi za watoto nazo mziangalie. Zile betri bapa kama sarafu, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo usimtapishe, usisubiri itoke, kimbia hospitali.

La mwisho ni alamu. Ya moshi iwepo kila ghorofa na kwenye vyumba vya kulala, ya kaboni monoksaidi iwe karibu na mnapolala, na ile ya moshi ikifikisha miaka 10 ibadilishwe hata kama bado inalia. Wageni wakishafika, kabla hata hawajafungua mabegi, bonyeza kile kitufe cha kujaribia watoto wausikie huo mlio, alafu waonyeshe njia mbili za kutokea na mahali pa kukutana nje.