Mbwa Akila Sumu, Maziwa Si Dawa

Maswali haya huulizwa na wenye mbwa, walinzi wa majumba na wasaidizi wa nyumbani hapa Malindi, aghalabu kwa simu, na aghalabu usiku. Mimi daktari wa mifugo nayajibu kwa pamoja, maana nimechoka kuletewa mbwa aliyelazwa juu ya gunia tangu jana, kifua kimelowa maziwa.

Mbwa akila sumu, ni lazima awe ametegewa?

La. Wako wanaotegewa, kweli, lakini wengi huila kutoka mikononi mwetu wenyewe: makombo, unga, pipa la taka lisilofunikwa. Kitu chaweza kuwa sumu kwa mbwa hata kama wewe hukila kila siku bila neno.

Chakula gani cha kwetu ndicho hatari zaidi?

Naanza na unga. Mahindi yakiingia ukungu, watu husema, "Haya basi ni ya mbwa." Ukungu huo hutoa sumukuvu, ile ile iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na mbwa haistahimili hata kidogo. Kuupika ugali mpaka uungue hakuiondoi. Hula ini polepole, siku baada ya siku, hadi asubuhi moja mbwa hataki chakula, anatapika, na weupe wa macho umegeuka manjano. Mbwa wa nyumba nzima wakiugua pamoja, mimi huuliza habari za gunia la unga kabla ya habari za maadui. Unga usioweza kumpa mwanao, usimpe mbwa. Utupe.

Wa pili ni bunju, yule samaki mwenye sumu. Wavuvi humtupa ufuoni kwa sababu wanamjua, mbwa hamjui. Sumu yake haiishi kwa moto wala kwa kukaushwa, na haina dawa ya kuitangua. Hulegeza miguu, kisha hupooza misuli ya kuvutia pumzi. Mkitembeza mbwa ufuo wa Silversands asubuhi, mfungeni kamba, basi.

Zabibu, za kwenye biriani na za kwenye keki za Krismasi, huua figo ndani ya siku 1 hadi 3. Hakuna kipimo tunachoweza kukiita salama: mbwa mmoja hula gao zima asidhurike, mwingine akala chache akaacha kukojoa. Ukwaju uhesabuni humo humo, kwa kuwa una asidi ile inayoshukiwa kuwa ndiyo kiini cha madhara ya zabibu. Chokoleti nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa; kipande cha gramu 100 chaweza kumtetemesha mbwa wa kilo 20 na kumwendesha moyo mbio. Kwa kijibwa cha kilo 5, hata ile ya maziwa ya uzito huo ni hatari. Chingamu isiyo na sukari, ikiwa ina zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), hushusha sukari ya damu katika muda wa nusu saa. Na vitunguu vingi, vibichi au vya mchuzi, huharibu damu.

Nimemwona anakula sasa hivi. Nifanye nini?

Mwondoe hapo, na mbwa wengine pia. Okota kilichobaki, pamoja na karatasi au pakiti yake, na kama ametapika chukua kidogo cha matapishi kwenye kopo lenye kifuniko. Mpigie daktari wa mifugo, umweleze vitu vitatu: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Uzito wake pia ukiujua. Kisha njoo. Tuktuk mtafute mapema na umwambie dereva kwamba kuna mbwa, kwani wengine hukataa mlangoni na muda ukapotea kwa mabishano.

Nimpe maziwa kwanza?

Hapana.

Hata kidogo, ya kupunguza makali?

Hapana. Maziwa hayapunguzi makali ya chochote nilichokitaja hapo juu. Hayatangui sumu ya panya, hayatangui dawa ya wadudu, hayatangui bunju. Mbwa wengi wakubwa hawawezi hata kuyasaga, yakawaletea kuhara juu ya mashaka waliyo nayo. Na mbwa aliyelegea akimiminiwa maziwa mdomoni, huingia mapafuni. Hapo umemwongezea nimonia.

Mbona mbwa wa jirani alipewa maziwa akapona?

Alipona kwa sababu alikula kidogo, au hakula sumu kabisa. Mimi huwaona wale wasiopona, na wengi wao walipewa maziwa kwanza. Saa nzima imekwenda kutafuta pakiti dukani na kusubiri "yafanye kazi".

Basi mafuta ya kupikia? Yai bichi? Maji ya chumvi? Mkaa wa jikoni?

Hapana kwa yote manne. Baadhi ya sumu huyeyuka kwenye mafuta zikaingia mwilini upesi zaidi, na mafuta yenyewe huteleza hadi mapafuni. Yai ni chakula tu. Chumvi nyingi nayo ni sumu kamili: nimepokea mbwa aliyekula kitu kidogo, lakini aliyeingia degedege kwa sababu ya chumvi aliyotibiwa nayo. Mkaa tunaoutumia sisi hutengenezwa mahsusi ili unase sumu tumboni. Wa jikoni ukiusaga haufanyi kazi hiyo. Sabuni ya unga sitaki hata kuisikia.

Nimtapishe kwa kidole?

Usimtapishe bila daktari kukuelekeza. Akiwa amekunywa dawa ya kufulia au maji ya betri, kutapika humuunguza mara ya pili; mafuta ya taa nayo humwingia mapafuni. Akiwa anayumba au ana degedege, atajipaliza. Kliniki tuna sindano ya kumtapisha, na hutapika ndani ya dakika chache.

Amekula lakini anacheza vizuri. Ningoje asubuhi?

Hili ndilo linaloua kuliko sumu zenyewe. Usingoje. Chokoleti yaweza kuchukua saa 6 hadi 12 kuonyesha makali yake. Vitunguu huchukua siku kadhaa. Sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda humwacha mbwa mzima siku 2, 3, hata 5, kisha damu inavia ndani huku ninyi mkidhani amechoka na joto. Kumtapisha hufaa zaidi katika saa 2 za kwanza, yaani wakati ule ule ambao bado anacheza. Kwa hiyo anapocheza ndipo mlete! Akishalala, kazi yangu huwa kupigania figo na ini, na gharama yake kwenu ni kubwa zaidi, na matumaini ni madogo zaidi.

Nimesikia kila sababu: mvua, jana ilikuwa Ijumaa, tulimwombea, tulikwenda duka la agroveti wakatupa dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo! Mbwa anatetemeka.

Dalili gani hazingoji hata kupiga simu?

Degedege, kupumua kwa shida, miguu kupooza, ufizi kuwa mweupe au wa samawati. Udenda mwingi, machozi, kuhara na mboni ndogo kama ncha ya kalamu ni dawa ya wadudu ya shambani hadi ithibitike vingine. Hiyo ina dawa, atropini, lakini iko kliniki.

Mimi ni mlinzi tu, na tajiri yuko Ulaya. Nikisema, nitafukuzwa.

Naelewa, bwana, na wenye mbwa nao wasome hapa: mwachieni mlinzi namba ya daktari, nauli, na ruhusa ya kumpeleka mbwa bila kuwatafuta kwanza. Anayesubiri jibu la ujumbe kutoka Milano usiku wa manane hana kosa. Nawe mlinzi, niambie ukweli kama wewe ndiye uliyemwaga sumu ya panya stoo. Nataka kujua ni ipi, nitibu. Kazi ya polisi si yangu.

Mate ya mbwa kwangu ni najisi. Nitambebaje?

Mfunike gunia, vaa glavu, mwite mwenzako. Glavu ni lazima kwa kila mtu, Mwislamu au la, kwa kuwa dawa ya wadudu kwenye mate na manyoya yake yaweza kupita kwenye ngozi yako. Utaratibu wa kujitwaharisha unaujua, na utaufanya ukirudi.

Amekufa kabla hatujafika. Tumtupe wapi?

Si jaani, wala si baharini. Kunguru, paka na mbwa wa mitaani watamla na sumu aliyoila. Chimbeni shimo refu, mbali na kisima, mzike na matapishi yake. Na kama nyumbani kuna mbwa mwingine aliyekula sahani moja naye, mleteni sasa hivi, bila maziwa.