Je, wajua kwa nini mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa?

Mwanachuo anafundishwa mbinu shirikishi, yaani kufundisha kwa kuwashirikisha wanafunzi, anafaulu mtihani wa mbinu shirikishi, kisha anapangiwa kituo. Mtembelee baada ya mwaka mmoja. Utamkuta amesimama mbele, chaki mkononi, watoto wamejipanga safu kuelekea ubaoni, na anayesema ni yeye peke yake. Imekuwaje?

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alilieleza jambo hili vizuri. Alipiga hesabu akaona kwamba kijana wa nchini kwake anayemaliza sekondari ameshakaa na walimu saa zipatazo 13,000. Saa zote hizo ni mafunzo ya ualimu, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Akifika chuoni tayari ana picha kichwani: mwalimu anasimama wapi, anashika nini, nani anyamaze. Chuo kina muda mfupi mno wa kuibadilisha picha hiyo, na kama darasa la chuo nalo lina safu zilezile, basi chuo kinaipigilia msumari.

Mimi ni mkufunzi hapa Mwanza, na jambo hili lilinipata mwenyewe. Nilisomea ualimu katika chumba chenye madawati ya chuma, kiti na meza vimechomelewa pamoja. Mkufunzi wetu akisema "kaeni makundi ya watu sita", ilikuwa ni kukwaruza chuma kwenye sakafu ya saruji mpaka meno yanauma, na darasa la jirani linagonga ukuta kulalamika. Dakika nane zinakwisha hakuna kundi lililotulia. Kufikia mwezi wa pili wa masomo aliacha kutuambia. Hakuwa mvivu yule mama; chumba kilimshinda. Tangu mwaka 2005 mitaala yetu inataka mwanafunzi ajenge umahiri kwa kutenda, lakini sisi tulinakili maelezo ya kutenda.

Kwa hiyo darasa la chuo cha ualimu lina kazi mbili: kumsomesha mwanachuo, na kumwonyesha darasa linavyopaswa kuwa. Na kwa Mwanza, kabla hujagusa kiti, anza na jua na upepo.

Tuko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, linainama kidogo kaskazini mwezi Juni na kidogo kusini mwezi Desemba. Paa lililotokeza kiasi linatosha kulizuia pande hizo mbili. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la jioni, linaloingia chini kwa chini kupitia madirisha ya mashariki na magharibi. Ndiyo maana jengo zuri hulazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini. Lakini Ghuba ya Mwanza iko magharibi mwa mji. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo mtamu na jua kali la alasiri vinatoka upande uleule! Ukiziba kabisa ukuta wa magharibi unajinyima upepo. Ukiweka madirisha makubwa unawapika wanachuo. Mimi ningejenga baraza upande huo, nipande miti mbele yake, na ukutani niweke matofali ya matundu yanayopitisha hewa na kuvunja mwanga. Tena upepo hauingii mahali usipoweza kutokea, kwa hiyo ukuta wa pili nao lazima uwe na tundu.

Mwanga una kanuni yake ya zamani: uingie kutoka kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisiangukie daftari. Na dirisha lisikabiliane na ubao, la sivyo ubao unang'aa na wa pembeni hawaoni neno.

Kisha kuna mabati. Wakati wa masika, mvua ikipiga bati lisilo na dari, mkufunzi anafungua mdomo na hasikiki hata kwa safu ya kwanza. Dari inapunguza kelele hiyo na joto pia. Kuta tupu za saruji nazo zinarudisha sauti, maneno yanapandana. Mikeka ya mafunjo, ambayo pwani ya ziwa imejaliwa malighafi yake, ikitundikwa ukutani na kuachiwa nafasi kidogo nyuma yake inapunguza mwangwi. Ubao wa kubandikia kazi za wanachuo unaweza kukaa juu yake.

Chumba ninachokililia zaidi ni kile cha masomo mafupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Stanford kilianza kuwapa walimu wanafunzi somo la dakika chache mbele ya kundi dogo, wakaambiwa walipokosea, wakalirudia. Linahitaji chumba kidogo chenye ubao, viti kumi na mlango unaofungwa ili mtu akosee bila aibu. Jirani yake kiwepo chumba cha kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vilivyopo, chenye meza imara, kabati la vizibo, makopo na manila, na bangokitita moja, yaani karatasi kubwa za kuandikia zilizofungwa pamoja.

Mwaka juzi niliwapa wanachuo wangu futi kamba na chaki, wakachora sakafuni nafasi ya kila kiti na kila njia ya mwalimu kupita. Waligundua wenyewe kwamba kwa mpangilio tuliouzoea, mwalimu hawezi kumfikia mtoto wa kona ya nyuma bila kuruka miguu ya wenzake.

Mmoja wao alinipigia simu kutoka Sengerema. Alikuta madawati ya watoto watatu watatu, hayasogei, na darasa limejaa. Nikamwambia usisogeze dawati hata moja. Watoto wa dawati la mbele wageuke tu, waangaliane na wa nyuma yao. Kundi la sita limeshapatikana. Akanijibu, "Mkufunzi, nimeshafanya hivyo tangu jana. Nilikuwa nauliza ubao wa pili niuweke wapi."